"Mwisho 10:00": kisa cha maboksi 30 ya kaa wa Mtwara yaliyokwama Dar

Kaa koko ni mnyama mvumilivu. Mtoe matopeni kwenye mikoko ya Sudi au kule maingilio ya Ruvuma, mfunge magando, mweke penye unyevu na ubaridi wa wastani, atakaa hai siku nne, tano, pengine hata wiki. Ndiyo maana anaweza kulala Mtwara leo na keshokutwa akauzwa akiwa mzima Guangzhou. Kwa hiyo mzigo wa kaa ukifa ndani ya saa 30, tena kabla haujavuka hata mpaka wa nchi, kaa hana la kujibu.

Kisa hiki ni cha kujifunzia. Mzigo ni wa mfano na wahusika hawana majina, ila hakuna kosa humu ambalo watu wa mizigo ya anga hawajalisikia. Tumeyaweka kwenye mzigo mmoja kwa sababu ndivyo yanavyokuja: moja likishaingia, mengine hufuata kama siafu.

Mzigo

Yalikuwa maboksi 30 ya povu gumu, kila moja sentimita 60 kwa 40 kwa 30. Ndani ya kila boksi kaa 30 wa wastani wa gramu 600, yaani kilo 18. Ukiongeza boksi lenyewe, gunia lililoloweshwa na kamba za magando, mizani ilisoma kilo 20. Jumla kilo 600.

Ndege hutoza kwa uzito halisi au kwa uzito wa nafasi, wowote ulio mkubwa. Uzito wa nafasi ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha unagawa kwa 6,000. Hapa inakuja kilo 12 kwa boksi. Kaa ni mzito kuliko nafasi anayoikalia, kwa hiyo bili ilibaki ya kilo 600 na hakukuwa na ubishi.

Ufungaji ulifanywa na watu wanaojua kazi. Kaa walipangwa midomo ikiangalia juu, wamebanana kiasi cha kutopinduka. Juu yao likatandazwa gunia lililochovywa maji ya bahari na kukamuliwa mpaka likaacha kudondosha. Kukamua huko kuna maana yake: maji ya chumvi yakivuja kwenye tumbo la ndege yanakula alumini, na mpokeaji mzigo mzoefu akiona tone chini ya boksi anakurudishia boksi lako bila mjadala. Barafu haikuwekwa, na hilo pia lilikuwa sahihi. Barafu ikiyeyuka inakuwa maji yasiyo na chumvi yanayomwingia kaa kwenye matamvua, na upande unaogusana nayo unapoa kupita kiasi wakati upande wa pili bado una joto.

Makosa yalikuwa mawili, yote ya dakika za mwisho. La kwanza ni gundi ya karatasi ya kuimarisha boksi: ilizungushwa mara mbili na kufunika matundu mawili kati ya sita ya hewa. La pili ni lebo. Mashirika ya ndege hutumia alama za herufi tatu kumwambia mtu wa ghalani mzigo ushikwe vipi. AVI ni mnyama hai. PES ni samaki na vyakula vya baharini. PER ni chochote kinachoharibika haraka. Maboksi haya yalibandikwa PES peke yake, kwa sababu pakiti ya lebo iliyokuwepo mezani ilikuwa hiyo, na kwa kuwa kaa kweli ni chakula cha baharini hakuna aliyeshtuka. Iliyokosekana pembeni yake ni AVI, au hata maandishi ya mkono yanayosomeka mita tatu: KAA HAI, NYUZI 16 HADI 20, USIWEKE KWENYE CHUMBA CHA SAMAKI.

Ujumbe

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza. Ndege ya asubuhi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita 400 hivi kwa anga, saa moja na dakika kumi. Pale Julius Nyerere mzigo ungeingia ndege ya shirika la kigeni inayoondoka saa 8:00 mchana kwenda Ghuba, na kutoka huko kuunganisha Guangzhou. Hati za usafirishaji wa anga, zile watu wa kazi wanaziita AWB, zilikuwa mbili: moja ya Mtwara–Dar, nyingine ya Dar–Guangzhou. Tutairudia hiyo namba mbili.

Jioni ya kuamkia siku ya safari, shirika la kigeni lilithibitisha nafasi kwa wakala Dar: kuondoka 14:00, mwisho wa kupokea mzigo 10:00. Wakala akawatumia ujumbe mmoja mtu wa Mtwara na kijana wa kupokea mzigo Dar:

"Kaka mzigo wa kesho mwisho 10:00, usipitishe."

Hapo ndipo mzigo ulipofia, ingawa kaa wote 900 walikuwa bado wanatikisa miguu.

Mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili akiona 10 anasoma saa kumi. Na kwa kuwa hakuna mtu wa mizigo atakayekuambia ufike saa kumi alfajiri, akili yenyewe inajaza: saa kumi jioni. Mtu aliyezoea ratiba za ndege anasoma 10:00 kuwa saa nne asubuhi. Wa tatu, aliyekaa na marubani au waongozaji wa ndege, anaweza kuuliza kama ni saa za dunia, zile zinazoandikwa na herufi Z mwishoni, maana Tanzania iko saa tatu mbele na 10:00Z ni saa saba mchana hapa kwetu. Tarakimu moja, saa tatu tofauti, na kati ya ya mapema zaidi na ya kuchelewa zaidi kuna mwanya wa saa sita. Ujumbe haukutaja saa ya kuondoka. Ungeandika "ndege inaruka saa 8 mchana", hata aliyelala angejua mzigo haupokelewi saa kumi jioni.

Mtu wa Mtwara na kijana wa Dar wote wawili walisoma saa kumi jioni.

Mizani ya Mtwara

Kiwanja cha Mtwara kimepanuliwa, na njia yake ya kurukia sasa ina mita 2,800. Watu wengi wanadhani urefu huo ndio jibu la mizigo. Kwa ndege kubwa zijazo ni jibu kweli. Ila asubuhi ile ilikuja Dash 8-400, ndege ya mapangaboi yenye viti 76, ambayo ingeondoka hata kwenye njia ya zamani bila shida. Kilichobana ni kiasi ambacho ndege yenyewe inaruhusiwa kubeba, na kwa hilo njia haihusiki.

Chukua daftari. Ndege ya aina hiyo hubeba watu, mabegi na mizigo isiyozidi tani 8 na nusu hivi. Jaza viti vyote 76. Mpe kila abiria kilo 85 pamoja na mkoba wake, na begi la kilo 23. Hizo ni kilo 108 mara 76, sawa na 8,208. Toa kwenye 8,500, unabaki na kilo 292. Namba kamili hutoka kwenye karatasi ya uzito na mlingano ya safari husika, lakini picha ndiyo hiyo: ndege iliyojaa watu ina nafasi ya maboksi 14 ya kaa, yaani kilo 280. La 15 halipandi.

Hapa pana jambo ambalo wasafirishaji wapya hawaliamini mpaka liwakute. Nafasi ya mzigo kwenye ndege ya abiria ni makombo. Ukiambiwa "mzigo wako umeandikishwa" siku tatu kabla, maana yake ni kwamba siku hiyo viti 20 vilikuwa bado havijauzwa. Vikiuzwa, wewe ndiye unayeshuka, abiria hashuki. Ikija Airbus A220-300 yenye viti 132 tumbo lake ni kubwa zaidi na hadithi inabadilika, lakini aina ya ndege nayo hubadilishwa usiku kwa usiku kufuata idadi ya abiria. Kwa kilo 600 swali la kumuuliza ofisa wa mizigo halikuwa "kuna nafasi?" bali "ndege ikijaa, unanihakikishia kilo ngapi?"

Saa 12:15 asubuhi mtu wa mizigo akasema: 14 sasa, 16 zinakuja na safari ya mchana, itakayotua Dar saa 8:20. Mtu wa Mtwara akapiga hesabu kichwani. Saa 8:20 mpaka saa kumi ni saa moja na dakika arobaini. Zitawahi. Akakubali.

Kwa taarifa aliyokuwa nayo, uamuzi wake haukuwa wa kijinga. Angejua kuwa mlango unafungwa saa nne asubuhi, alikuwa na njia mbili za maana: kupeleka 14 na kumwambia wakala abadilishe hati zote ziwe za maboksi 14, au kurudisha yote 30 nyumbani, kuwalowesha kaa upya na kusubiri kesho. Kaa aliyerudi kwenye kivuli cha Shangani, palepale Mtwara, hajapoteza kitu zaidi ya usingizi wa mwenye mzigo.

Hati ya Mtwara–Dar haikuandikwa upya. Mzigo ukigawanyika, orodha ya ndege huonyesha vipande vilivyopanda na jumla: P14 T30, yaani 14 kati ya 30. Ni utaratibu wa kawaida na kwa ndani ya nchi hauna neno. Tatizo linaanza kwenye makaratasi ya nje. Cheti cha afya ya mazao ya uvuvi kilisema maboksi 30, kilo 540 za kaa. Tamko la forodha vilevile. AWB ya pili vilevile. Shirika la kigeni halipokei 14 kwa karatasi za 30, hasa kwenda China, ambako hata msafirishaji mwenyewe lazima awe amesajiliwa na forodha yao ndipo kaa hai wake waingie.

(Mkiwa kwenye simu mnasomeana namba za AWB, kuna hila ndogo ya kukagua. Tarakimu tatu za mwanzo ni za shirika. Zinazofuata ni nane. Chukua saba za kwanza, gawa kwa 7, baki lazima iwe sawa na ya nane. 1234567 ukigawa kwa 7 inabaki 5, kwa hiyo namba sahihi itaishia 12345675. Kikokotoo cha simu kinatosha.)

Dakika 35

Ndege ilitua saa 2:40. Saa 3:25 kijana wa Dar alikuwa ameshalipia, amesaini, na maboksi 14 yako juu ya kirikuu nje ya ghala la mizigo ya ndani. Zilibaki dakika 35.

Kwanza, kwa nini yalikuwa nje? Kwa sababu ya zile hati mbili. Mzigo wenye AWB moja kutoka Mtwara hadi mwisho wa safari hukabidhiwa na shirika kwa shirika ndani ya uzio wa kiwanja. Mwenye mzigo haugusi. Mzigo wenye AWB mbili, kwa kiwanja, ni mizigo miwili isiyojuana. Wa kwanza umefika mwisho wake Dar na lazima utolewe nje. Wa pili unaanzia Dar na lazima uingie upya: mizani, ukaguzi wa mionzi, forodha, makabidhiano. AWB moja inahitaji mashirika mawili yenye makubaliano ya kubebeana mizigo, na si kila jozi inayo. Lakini hilo ndilo linaloutofautisha uwanja unaounganisha safari na uwanja unaopokea ndege nyingi tu. Jengo la 3 lililofunguliwa Agosti 2019 liliwarahisishia abiria wa kimataifa. Boksi la kaa halipiti humo.

Kijana angeenda moja kwa moja na yale 14, angefika kabla ya saa nne. Yasingepokelewa kwa karatasi zile, lakini dirishani angeambiwa ukweli wa saa, wakala angepigiwa simu, na kungekuwa na saa nne za kuhangaika kabla ndege haijaruka. Yeye aliona ana mpaka saa kumi, akaamua kusubiri maboksi 16 ili aingize mzigo mara moja na kulipia gari mara moja. Akaegesha, akafunika turubai.

Turubai juani ni tanuri. Mahitaji ya hewa ya kaa, kwa kipimo cha jumla, huongezeka kama maradufu joto likipanda nyuzi 10. Wakati huohuo gunia linakauka, na kaa akiwa nje ya maji anapumua kwa unyevu uliobaki kwenye matamvua yake. Unyevu ukiisha, hewa ipo tele lakini haiingii mwilini. Na matundu mawili kati ya sita yalikuwa chini ya gundi. Maboksi yale yalikaa hivyo kwa zaidi ya saa tano.

Saa 9:10 alasiri maboksi 30 yakafika pamoja kwenye ghala la mizigo ya nje. Ndege ilikuwa imeondoka dakika 70 zilizopita.

Chumba baridi

Shirika likawapa nafasi ya kesho, saa ileile. Kosa la mwisho lilifanywa kwa nia njema kabisa. Ofisa wa ghala aliona lebo ya PES, akaona vyakula vya baharini vitalala, akaviingiza kwenye chumba cha samaki, ambacho huwekwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa minofu ya sangara hapo ni mahali pake. Kaa koko aliyetoka kwenye joto la turubai akaingizwa kwenye nyuzi 4 anazimika. Kaa wa yale maboksi 16 ya mchana, waliofika wakiwa na hali nzuri, ndio waliopata hasara isiyo na sababu yoyote. Kona yenye kivuli na gunia lililoloweshwa upya vingewatosha usiku kucha.

Asubuhi boksi la kwanza lilipofunguliwa, harufu ilitangulia. Ile harufu kali inayochoma pua, kama choo kilichofungwa, ni amonia: kaa hawezi kuitoa vizuri akiwa nje ya maji, na waliokufa huongeza yao. Kipimo cha uhai kwa kaa aliyefungwa magando ni macho. Mguse jicho kwa ncha ya kijiti. Mzima analilaza haraka ndani ya kishimo chake. Aliyechoka analilaza polepole, dakika ikipita bado halijasimama. Aliyekufa hajibu, na ukimwinua miguu yake ya kuogelea inaning'inia kama kitambaa. Kwenye boksi hilo waliojibu walikuwa 11 kati ya 30.

Waliobaki hai walitolewa wote, wakaloweshwa kwa maji safi ya bahari, si ya bomba, wakapelekwa soko la samaki la Feri kuuzwa siku hiyohiyo kwa bei ya mezani. Kuwafunga upya na kuwasafirisha ilikuwa ni kutafuta hasara ya pili: kila boksi lililofunguliwa lazima likaguliwe tena kwa mionzi, cheti cha afya kinataka hesabu mpya, na kaa aliyechoka Dar hafiki Guangzhou.

Ungepangwa vipi

Mzigo wa kuunganisha hupangwa kinyumenyume. Anza na saa mlango unapofungwa Dar, saa 4:00 asubuhi. Toa saa mbili za kutoa mzigo upande mmoja na kuuingiza upande wa pili, kwa AWB mbili. Unapata saa 2:00 kuwa mwisho wa kutua. Ndege inayotua 2:40 tayari imechelewa, hata ingebeba yote 30. Kwa maneno mengine, mpango huu haukuwa na uzima tangu karatasini, na ile dakika 35 ilikuwa bahati tu ya foleni fupi.

Kwa kilo 600 na ndege ya kigeni ya saa nane mchana, sisi tungechagua barabara. Ni kilomita 560 hivi. Canter ikitoka Mtwara saa 11 jioni inafika Dar usiku wa manane au alfajiri, na baridi ya usiku inamfaa kaa kuliko kiyoyozi chochote. Turubai lifunike juu na mbele, kwa sababu upepo wa mwendo unakausha matamvua haraka kuliko jua, lakini nyuma paachwe wazi. Masika ni habari nyingine: Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilibomoa madaraja upande wa Kilwa na barabara ikakatika. Miezi hiyo ndege ndiyo njia, kwa mizigo ya kilo 280 kushuka chini, na ilale Dar siku moja kabla kwenye kivuli chenye uangalizi.

Na ujumbe ungeandikwa hivi: "Ndege inaruka kesho Jumatano saa 8 mchana. Mzigo upokelewe kabla ya saa 4 ASUBUHI. Maboksi yote 30 pamoja. Nijibu kwa kuandika saa uliyoielewa." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi.

Fidia

Mwenye mzigo alitaka kudai. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unaweka ukomo wa fidia ya mzigo wa kimataifa kuwa SDR 26 kwa kilo tangu mwisho wa Desemba 2024 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa). Malalamiko ya uharibifu huandikwa ndani ya siku 14 tangu kupokea mzigo. Shirika linaweza kujitetea kwa ufungaji mbovu au kwa asili ya mzigo wenyewe, na gundi juu ya matundu ingekuwa zawadi kwa wakili wao.

Hata hivyo shauri halikufika huko. Shirika la ndani lilipokea maboksi 30 na kukabidhi 30 siku ileile, yakiwa hai, na saini ya kijana ipo. AWB ya pili haikuwahi kugongwa muhuri wa kupokelewa. Laiti ingekuwa AWB moja, safari ya Mtwara–Dar nayo ingehesabiwa kuwa sehemu ya safari ya kimataifa na kungekuwa na wa kumwandikia barua. Iliyobaki ni risiti ya ghala kwa usiku mmoja wa chumba baridi, na hiyo ililipwa.